Neno "Kusoma" na Mfereji wa Siri: Uhakiki wa Lugha ya Maelezo ya libssh

Kila kazi ina maneno yake, na maneno hayo aghalabu hutoka mbali. Mabaharia wa pwani walipata nahodha na nanga kutoka kwa Waajemi, na bendera kutoka kwa Wareno. Wala hapana mtu leo anayeona ugeni katika maneno hayo, kwa kuwa kila neno lilikuja pamoja na kitu chake, na kitu kikaonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono. Hali ya kompyuta ni nyingine. Vitu vyake vingi havishikiki, na maneno yake katika Kiingereza ni mafumbo yaliyokopwa nyumbani, ofisini na shambani. Mfasiri anapolipokea neno la namna hiyo hupokea picha, si kitu. Na kama akiifasiri picha bila ya kukitazama kitu chenyewe, mwanafunzi hubakia na picha ya jambo asilolijua.

Kazi ya kuipatia kompyuta maneno ya Kiswahili imekwisha fanywa kwa juhudi. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotokana na jitihada za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na ushindani baina ya kompyuta na tarakilishi wajulikana na kila mtu wa lugha. Lakini mabishano hayo yamehusu zaidi majina, yaani vile vitu ambavyo mtumiaji huviona kiooni. Vitenzi vya mwandishi wa programu havikutazamwa kwa makini kiasi hicho, ilhali kitenzi ndicho kinachomwongoza mtu atende nini. Kitenzi kimoja, "kusoma", chatosha kuonyesha hasara inayoweza kutokea.

Maandiko yanayohakikiwa hapa ni maelezo ya libssh, maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C. Kazi yake ni kuiwezesha programu kufungua njia ya SSH kwenda kwenye mashine ya mbali, kutoa amri huko, na kupokea majibu. SSH yenyewe ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya maneno ya siri ya watumiaji kuibwa katika mtandao wa chuo hicho. Kanuni zake za sasa zilitangazwa Januari 2006 katika hati zinazoitwa RFC 4251 hadi 4254. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kila pakiti inayosafiri hufichwa kwa hesabu za siri na kutiwa alama ya kuthibitisha kwamba haikuguswa njiani. Na ndani ya njia moja huweza kupita mikondo mingi, kila mmoja kwa nambari yake. Mkondo huo, kwa Kiswahili, hapana neno liufaalo kuliko mfereji.

Mwanafunzi anayetaka kupata yale yanayotoka katika mfereji huelekezwa kwenye amri ssh_channel_read. Hupewa vitu vinne: mfereji, mahali pa kuweka kitakachopatikana, kiasi, na alama ya kuchagua baina ya majibu ya kawaida na taarifa za makosa. Amri humrudishia nambari. Maelezo ya waandishi wa maktaba ni mafupi na ya kweli. Yaonya wazi kwamba amri huenda ikarudisha baiti chache kuliko zilizotakiwa, na mfano uliomo katika mwongozo wao ni sahihi. Lakini maneno yaliyouzunguka mfano huo ni machache. Kazi ya kufahamisha imeachiwa jina la amri, nalo jina lasema "soma". Hapo ndipo ila ilipo.

Katika Kiswahili kusoma ni kuyapitia maandishi na kuyafahamu, au kuyatamka. Kadhalika ni kujifunza. Mtoto asemwapo kwamba anasoma, huenda ana kitabu mkononi, na huenda maana ni kwamba yuko shuleni tu. Jirani wa Kiswahili wana neno hilo hilo: katika Kiganda wale waliofuata dini mpya katika karne ya 19 waliitwa wasomaji. Katika maana zote hizo mna mambo matatu yasiyotengana. Kwanza, kilichosomwa kimekamilika kabla ya msomaji kufika. Pili, hubakia pale pale baada ya kusomwa, na wa pili aweza kukisoma. Tatu, msomaji amepata maana, si wino tu.

Amri ya libssh haina hata moja la hayo. Majibu ya mashine ya mbali hayajakamilika wakati wa kuitwa amri. Yanakuja kidogo kidogo, kwa kadiri ya mtandao na ya mashine yenyewe. Yakichukuliwa katika mfereji, yametoka. Anayeita mara ya pili hapati yale ya kwanza, hupata yanayofuata. Tena amri haifahamu chochote: haijui mstari umeishia wapi, wala neno, wala herufi. Inahesabu baiti na kuzitia mahali ilipoambiwa.

Kitendo hicho Waswahili wanacho, nacho ni kukinga. Mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya ukingo wa paa, au hukinga mtungi penye bomba. Hachagui wakati wa maji kuja. Hutega chombo na kungoja. Chombo kina ukubwa wake, na maji hayana wajibu wa kukijaza. Yaliyokingwa hayamo tena bombani. Mwenye ndoo moja na maji mengi hana budi kukinga, kumimina pipani, na kukinga tena, hata maji yakatike. Kila mwanamke na kila mtoto aliyepata kusimama katika foleni ya maji ajua jambo hilo bila ya kufundishwa. Na hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi wa C hushindwa kulifahamu akiambiwa kwamba anasoma.

Dalili ya kushindwa huko ni mistari hii miwili, ambayo mwanafunzi aliyeshika picha ya kitabu huiandika bila ya wasiwasi:

    ssh_channel_read(mfereji, chombo, sizeof(chombo), 0);
    printf("%s", chombo);

Amesoma, basi ameyapata yote; na kwa kuwa ameyasoma, ni maandishi, basi yachapwe. Mna makosa matatu katika mistari miwili. Amekinga mara moja tu, na jibu refu litakatika katikati. Ameitupa nambari aliyorudishiwa, kwa hiyo hajui alichopata ni kiasi gani, wala kama alipata kitu. Tena printf hutazamia maandishi ya C, ambayo mwisho wake hutiwa baiti ya sifuri; lakini maji hayaji na kifuniko chake, na amri ya kukinga haitii baiti hiyo. Basi printf itaendelea kupita mpaka wa kilichopatikana, na kuchapa mabaki yoyote yaliyokuwamo katika kumbukumbu, au kuiangusha programu. Mabaki hayo yaweza kuwa ni neno la siri la mtu. Kosa la lugha limekuwa kosa la usalama.

Aliyeambiwa akinge huandika hivi:

    while ((n = ssh_channel_read(mfereji, chombo, sizeof(chombo), 0)) > 0)
        fwrite(chombo, 1, n, stdout);
    if (n < 0)
        fprintf(stderr, "%s\n", ssh_get_error(kikao));

Hapa chombo hutegwa tena na tena, kila mara humiminwa kiasi kile kile kilichoingia, na mwishoni huulizwa kama maji yalikatika kwa kwisha au kwa bomba kupasuka.

Neno la pili lenye kupotosha ni kile "kiasi" cha tatu katika vitu vinne. Mfasiri aliyekwisha andika "soma" huandika baada yake "idadi ya baiti za kusoma", na msomaji hufahamu kwamba ameagiza, na kwamba alichoagiza kitaletwa. Si hivyo. Nambari hiyo ni ukubwa wa chombo, yaani mpaka usiopitwa. Kanuni za mwaka 2006 zimetaka kila programu iweze kupokea pakiti yenye mzigo wa baiti 32,768. Lakini hazikutaka pakiti yoyote ifike kiasi hicho, wala hazikuahidi kwamba mpaka wa pakiti utalingana na mpaka wa sentensi. Tafsiri ya haki ni "kiasi kisichopitwa".

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanaoshughulika na maandishi ya Kiswahili. Mwanafunzi huweza kufanya kazi miaka mingi akidhani kwamba baiti moja ni herufi moja, kwa sababu katika utaratibu wa UTF-8 herufi za Kilatini za kawaida huwa hivyo. Lakini neno ng’ombe, likiandikwa kwa ile alama iliyopinda ya wachapaji, lina alama 7 na baiti 9, maana alama hiyo moja hula baiti 3. Na tenzi za kale zikinakiliwa kwa herufi za Kiarabu, kila herufi hula baiti 2. Chombo kikijaa katikati ya herufi, nusu yake huingia katika mkingo huu na nusu katika ule unaofuata. Na anayechapa kila mkingo peke yake ataona alama zisizosomeka mahali pa herufi. Mwenye kukinga hatashangaa: maji hayakatiki penye neno. Kwanza yatiwe pipani, ndipo yasomwe. Hapa ndipo kitenzi kusoma kinapopata mahali pake pa haki.

Lakini kiini cha uhakiki huu ni sifuri. Amri ya kukinga ikirudisha sifuri, maana yake ni kwamba upande wa pili umekwisha, na hakuna kitakachokuja tena. Maktaba hiyo ina amri nyingine, ssh_channel_read_nonblocking, isiyongoja: hutazama, na kama hakuna kitu hurudi papo hapo. Katika maelezo ya miaka mingi amri hii nayo ilisemwa kurudisha sifuri ikiwa hakuna kitu, pamoja na onyo kwamba mtu asisahau kuangalia kama mkondo umekwisha, kwa kuwa hapo pia itarudi sifuri. Basi nambari moja imebeba habari mbili zilizo kinyume: maji hayajafika, na maji hayatafika. Anayezichanganya ama huiacha kazi kabla ya jibu kuja, ama huzunguka milele akingoja mkondo uliokufa. Maktaba nyingine ya kazi hii hii, libssh2, imelitengea jambo la kwanza nambari yake, −37, na hiyo ni busara.

Kwa mtu wa Kiswahili, mchanganyiko huo wapaswa kumchukiza sikio, kwa sababu sarufi yake hairuhusu. Kiingereza chaweza kusema "hakuna kitu" na kuliacha jambo hapo. Kiswahili kina -ja-. Hayajafika si hayakufika, wala si hayafiki, wala si hayatafika. Mtoto wa miaka minne ajua kwamba anayeulizwa "Umekula?" akajibu "Bado" ameahidi kitu, na anayejibu "Chakula kimekwisha" hakuahidi. Tofauti ambayo watunzi wa amri waliikosa wakailipia kwa onyo, msemaji wa Kiswahili anayo mdomoni mwake. Lakini mfasiri akiandika kwa upofu "hurudisha 0 ikiwa hakuna data", ameitupa hazina yake mwenyewe ili afanane na asili. Yampasa aandike: "hurudisha 0 ikiwa data haijafika, na hurudisha 0 pia ikiwa data imekwisha, tofauti yake itafutwe kwa ssh_channel_is_eof." Tafsiri hiyo ni ndefu kuliko asili, nayo ni bora kuliko asili.

Kuhusu kitu cha nne, alama ya makosa, yatosha kusema machache. Mfereji mmoja una mikondo miwili, wa majibu na wa taarifa za makosa, na mwanafunzi huweka 0 au 1 kuchagua. Anayedhani anasoma kitabu huona kwamba ukurasa asiousoma haumdhuru. Lakini kwa kanuni za SSH mikondo yote miwili hupimwa kwa kipimo kimoja cha nafasi. Mkondo mmoja ukiachwa bila ya kukingwa, nafasi yaweza kujaa, na upande wa pili ukanyamaza ukingoja. Naye mwanafunzi hungoja upande wake, na kila mmoja amemngoja mwenzake.

Yawezekana kuleta hoja kinyume cha haya yote, nayo si hoja dhaifu. Watunzi wa Unix walitumia neno moja, kusoma, kwa faili, kwa kibodi na kwa bomba la programu, na walikusudia hivyo. Uzuri wa kazi yao ni kwamba programu haihitaji kujua inapokea kutoka wapi. Kuligawa neno hilo kwa Kiswahili, faili isomwe na mfereji ukingwe, ni kuuvunja umoja ulio fahari ya mfumo mzima. Yaweza kuongezwa pia kwamba kukinga kuna maana ya pili, ya kuzuia na kuhifadhi, na katika maandishi yahusuyo usalama maana hiyo italeta mkanganyo.

Hoja ya pili ina jibu jepesi. Maneno mengi ya Kiswahili yana maana mbili na hayamsumbui mtu, kwa kuwa shamirisho hufafanua. Kukinga maji na kukinga maradhi havichanganyiki. Kukinga data kutoka mfereji na kukinga data dhidi ya wezi havitachanganyika pia, mradi mwandishi asiache shamirisho wala kihusishi.

Hoja ya kwanza yataka kutazamwa vitu vyenyewe. Umoja wa Unix haumo katika amri hii. Mfereji wa SSH hauwezi kupewa amri ya kawaida ya read. Chini yake mna soketi, na anayeisoma soketi moja kwa moja hupata maandishi yaliyofichwa, na kuiharibia maktaba mpangilio wake. Hata kungoja kwenyewe si kumoja. Soketi yaweza kuonyesha kwamba kuna kitu, kumbe ni pakiti ya kurekebisha kipimo, isiyo na hata baiti moja ya mwanafunzi. Au soketi yaweza kunyamaza, kumbe data imekwisha fika na kufichuliwa na imo katika ghala ya maktaba, na programu italala usingizi mlangoni pa nyumba yenye chakula. Basi jina limefanana lakini tabia haifanani. Kwa faili, ambayo hubaki mahali pake na huweza kurudiwa tangu mwanzo, "kusoma" ni neno la haki na liachwe. Kulisambaza hadi kwenye mfereji ni kuuhifadhi umoja wa jina baada ya umoja wa kitu kwisha.

Limebaki jina la njia yenyewe. Neno la Kiingereza la ganda, kwa maana ya programu inayopokea amri za mtumiaji, lilianza na Louis Pouzin, Mfaransa, katika miaka ya 1960; nalo ni nusu ya picha ya tunda, ambamo kiini cha mfumo kimo ndani na ganda liko nje. Mfasiri akiandika "ganda salama", Mswahili atafikiri yai lisilopasuka. Afadhali jina SSH liachwe kama jina, na maelezo yaseme kazi yake.

Hata "salama" yataka tahadhari, kwani huahidi zaidi ya kilichopo. Oktoba 2018 ilitangazwa kasoro iliyopewa nambari CVE-2018-10933 katika libssh tangu toleo la 0.6, upande wa seva. Ujumbe wa "umekubaliwa" ni ujumbe wa seva kwa mteja. Lakini seva iliyojengwa kwa maktaba hiyo iliweza kuupokea ukitoka kwa mteja, na ikamkubali bila ya neno la siri wala ufunguo. Mgeni alipiga hodi, kisha akajijibu mwenyewe karibu, na mwenye nyumba akafungua. Kasoro iliondolewa katika matoleo ya 0.7.6 na 0.8.4. Hesabu za siri hazikuvunjwa hata kidogo; kilichokosekana ni kuuliza nani anasema na nani anaambiwa, yaani jambo la kwanza analoliuliza mtu yeyote wa lugha. Kwa hiyo njia hiyo yastahili kuitwa ya siri, maana siri yake yathibitika. Usalama ni sifa ya kazi nzima, na hauwi wa njia peke yake.

Kwa jumla, maelezo ya libssh ni maandishi ya watu wanaoifahamu kazi yao, na pale yalipoonya yameonya kweli. Ila yake ni kuliamini mno jina lililorithiwa. Mfasiri wa Kiswahili asiirithi ila hiyo. Kwa ssh_channel_read aandike kukinga. Kwa ssh_channel_poll, ambayo hutazama kiasi kilichopo bila ya kukitoa, aandike kuchungulia. Kwa mahali pa kuwekea, chombo. Kwa mwisho wa mkondo, ukomo. Na kwa kisichofika, aitumie -ja- kila mara bila ya kuona haya. Kusoma kuachwe mpaka data imekwisha kusanywa pipani na mtu, au programu yenye akili ya kutosha, aketi kuifahamu. Mwanafunzi atakayefundishwa hivyo hatakuwa amejifunza C ya Kiswahili. Atakuwa amejifunza C, na kwa upungufu mmoja wa makosa.